Kiingereza cha Kituo cha Afya: Baridi, Mafua na Homa

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Shika kalamu. Leo neno letu ni moja, "cold". Hapa Uganda, ukilikosea mbele ya muuguzi asiyejua Kiswahili, anaweza kukuelewa vingine, na malaria haisubiri.

Sisi tuliotoka Kongo na Burundi husema "nasikia baridi" kwa mambo mawili. Upepo wa asubuhi umekukuta bila sweta, unasikia baridi. Homa imekupanda, unatetemeka, pia unasikia baridi. Kiingereza kinayatenganisha.

La kwanza ni "I am cold" au "I feel cold". Muuguzi akisikia hivyo, anaweza kufunga dirisha tu. Ukitaka kusema nje kuna baridi, sema "It is cold". Ikiwa kali sana, "It is freezing".

La pili ni "I have a cold". Hapo umesema una mafua. Angalia hiyo "a" ndogo: inabadilisha baridi kuwa ugonjwa, kwa hiyo usiimeze.

Kuna jambo lingine la kuchekesha. Kwetu mafua ndiyo yanamshika mtu. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayeyashika: "I caught a cold". Mafua makali ni "a bad cold". Usiseme "a strong cold". Mafua kidogo ni "a slight cold". Kamasi zikitiririka, una "a runny nose". Pua ikiziba, "a blocked nose". Koo likiuma, "a sore throat".

(Muziki mfupi.)

Sasa shika hili la tatu. Mtoto ana homa na anatetemeka. Usiseme "My child has a cold", maana umeshasema ni mafua. Sema:

"My child has a fever and chills." Tamka: mai chaild haz e fiva end chilz.

Kisha ongeza: "It started last night." Yaani, ilianza jana usiku.

Na umalizie: "Please test for malaria." Yaani, tafadhali mpime malaria.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku saba hadi kumi. Malaria inaweza kumzidi mtoto mdogo kwa muda mfupi sana. Homa ikianza, mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama ni mafua.

Na Kiingereza kikikukimbia ukiwa kwenye foleni, omba mtu wa kukutafsiria. Si aibu. Au mwonyeshe muuguzi karatasi hii, uweke kidole kwenye sentensi yako.

Leo jioni wasomee wa nyumbani zile sentensi tatu, kila mmoja azirudie. Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)