Kabla ya Kuziba Ufa wa Bafuni

Kila mwenye nyumba aijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni neno la hekima, wala hatulipingi. Lakini katika chumba cha kuogea chenye vigae twaona mara nyingi ufa ukizibwa leo, na baada ya miezi michache umerudi pale pale. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu saruji, na maji huendelea kupenya. Yafaa basi tuulize kwanza: ufa huu umetoka wapi?

Swali hili lawahusu hasa wenzetu wa Nyangezi, kwenye njia itokayo Bukavu kwenda Kamanyola na Uvira. Nchi yao imo ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi ya huko haitulii. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliitikisa Bukavu na sehemu za kando yake. Watu walikufa mjini, na wengi zaidi ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda. Mwaka 2015 ardhi ilitetemeka tena. Hata pasipo tetemeko, katika vilima vya Bukavu udongo wa mfinyanzi huvimba na kuteleza wakati wa masika. Nyumba husogea kidogo nao, na saruji ngumu haijui kunyumbuka.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la uzuri tu. Kigae kizuri hakinywi maji. Mlango wa maji ni ule mstari wa saruji kati ya kigae na kigae. Ukipasuka, maji hushuka nyuma yake, huiloweza lipu, kisha tofali. Tofali la udongo lisilochomwa vema hulainika. Upande wa pili wa ukuta, labda pale walalapo watoto, rangi hubabuka na kuvu jeusi huota. Fedha iliyookolewa kwa kungoja hutumika mara kumi katika ukuta.

Namna ya kupima si ngumu. Hata mtoto wa shule aiweza. Chora kwa kalamu mstari mfupi unaokatiza ufa, andika tarehe kando yake, kisha pima upana wake baada ya majuma kadhaa. Ukiwa umepanuka, au ukikatiza vigae vyenyewe badala ya kufuata viungo vyao, ukuta ndio unaotembea: mwite mwashi auangalie msingi na mifereji ya maji ya mvua kabla ya kununua chochote. Kisha gonga vigae kwa mpini wa kisu. Kinacholia kama mtungi mtupu kimeachana na ukuta. Lazima king'olewe na kupachikwa upya, la sivyo kitaipasua saruji yoyote utakayoitia.

Ikiwa yote ni imara, basi kosa lilikuwa katika mchanganyiko. Maji yakizidi, saruji hunywea ikikauka, na hapo ndipo nyufa nyembamba huzaliwa. Fundi mwenye haraka hupenda maji mengi, maana kazi huteleza mkononi!

Usipake saruji mpya juu ya ile ya zamani. Itabanduka kama ganda. Kwangua ya zamani kwa chombo chenye ncha, polepole, usivunje kingo za vigae, hata ufikie angalau theluthi mbili za unene wa kigae. Funika pua na mdomo, maana vumbi lake ladhuru mapafu, na vaa glavu, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi. Ondoa vumbi lote, lowesha viungo kidogo, kisha koroga saruji ya kuungia vigae iwe nzito kuliko uji na laini kuliko ugali. Ikandamize ndani kwa kipande cha mpira, ukikisukuma mshazari. Ikianza kushika, pangusa kwa sifongo iliyokamuliwa sana. Saruji haigandi kwa kukauka tu, bali kwa kuungana na maji. Kwa hiyo iache na unyevu kidogo, na familia ioge kwingine kwa muda wa saa 24 au zaidi, kama mfuko wake uelezavyo.

Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu, au ukuta na ukuta, zina sheria yao. Hapo pande mbili husogea kila moja kwa njia yake, na saruji itapasuka hata ikichanganywa na fundi hodari. Zijazwe silikoni ya bafuni, ambayo hunyumbuka kama mpira. Haishiki penye unyevu, basi pembe na zikauke kabisa kwanza.

Neno moja kwa akina mama na mabinti wanaosafisha: ndimu na siki hung'arisha vigae kweli, lakini huila saruji iliyo kati yake. Sabuni ya kawaida na brashi laini zatosha.