Mchujo wa Ligi Uingereza: Mchezo Mmoja, Mizania Mbili

Tarehe 27 Mei 2019 klabu za Aston Villa na Derby County zilikutana kwenye uwanja wa Wembley, London, mbele ya watazamaji 85,826, kugombea nafasi moja iliyobaki ya kupanda Ligi Kuu ya Uingereza. Kampuni ya Deloitte ilikadiria kuwa mshindi angejipatia kiasi kisichopungua pauni milioni 170 katika misimu mitatu ya mbele, sehemu kubwa ikiwa ni mgawo wa haki za matangazo ya televisheni. Villa ilishinda 2-1.

Mashabiki walihesabu mabao. Kwa mfanyabiashara, fainali hiyo inafaa kutazamwa kama zabuni kubwa ambayo waombaji wawili walikwisha kuitumia kabla ya bahasha kufunguliwa.

Mchujo unavyokwenda

Ligi ya pili kwa ngazi nchini Uingereza, Championship, ina timu 24 na kila moja hucheza mechi 46. Kwa utaratibu wa msimu huo wa 2018/19, timu mbili za juu zilipanda moja kwa moja. Zilizoshika nafasi ya tatu hadi ya sita ziliingia kwenye mchujo: ya tatu ilicheza na ya sita, ya nne na ya tano, nyumbani na ugenini, kisha washindi wakakutana katika fainali ya mchezo mmoja.

Mchujo ulianza mwaka 1987, na kibiashara una faida iliyo wazi. Timu iliyo nafasi ya kumi mwezi Machi bado ina cha kugombea, hivyo tiketi huendelea kuuzwa hadi wiki za mwisho.

Hasara yake ni kwamba kazi ya msimu mzima inaweza kupotea kwa siku chache. Msimu huo Leeds United ilimaliza ya tatu kwa pointi 83, West Bromwich Albion ya nne kwa pointi 80, Villa ya tano kwa pointi 76 na Derby ya sita kwa pointi 74. Derby iliitoa Leeds kwa jumla ya mabao 4-3, na Villa ikaitoa Albion kwa penalti. Timu mbili zilizokuwa chini ndizo zilizofika Wembley.

Pengo linalovuta madeni

Tofauti ya mapato kati ya ngazi hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba wenye klabu hushawishika kulipa mishahara ya Ligi Kuu kwa mapato ya ligi ya chini. Timu inayoshuka hupewa fedha za kupunguza makali: asilimia 55 ya mgawo sawa wa televisheni katika mwaka wa kwanza, 45 mwaka wa pili na 20 mwaka wa tatu. Villa, iliyoshuka 2016, ilikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa fedha hizo. Derby, iliyoshuka 2008, haikuwa nazo tena.

Kanuni za ligi ziliweka kikomo cha hasara kuwa pauni milioni 39 kwa misimu mitatu. Ili kubaki ndani ya kikomo hicho, klabu zote mbili ziliuza viwanja vyao kwa kampuni za wamiliki wao wenyewe. Derby iliuza Pride Park mwaka 2018 kwa kama pauni milioni 80, na hesabu za mwaka huo zikaonyesha faida ya pauni milioni 14.6. Villa iliuza Villa Park mwaka 2019 kwa pauni milioni 56.7. Kanuni za wakati huo ziliruhusu mauzo hayo. Lakini uwanja huuzwa mara moja, na mishahara hulipwa kila mwezi.

Baada ya filimbi

Kwa Villa, fedha za Ligi Kuu zilifungua milango. Klabu ilitumia zaidi ya pauni milioni 100 kununua wachezaji kabla ya msimu kuanza. Januari 2020 ilimwongeza Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hata hivyo Villa ilinusurika kushuka kwa pointi moja tu. Mwaka 2021 ilimuuza Jack Grealish, kijana iliyemlea yenyewe, kwa pauni milioni 100, na msimu wa 2024/25 ikacheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya.

Derby ilibaki na mishahara bila mapato. Ugonjwa wa korona ulifunga viwanja mwaka 2020, na majaribio ya kuiuza klabu yakakwama. Septemba 2021 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, kodi ikiwa miongoni mwa madeni yake makubwa. Ilikatwa pointi 12 kwa sababu hiyo, na nyingine tisa kwa makosa ya utunzaji wa hesabu. Aprili 2022 ikashuka hadi ngazi ya tatu, na haikurudi Championship hadi 2024.

Nani atalipa?

Ni rahisi kusema Villa ilipanga vizuri na Derby ikapanga vibaya. Hesabu hazikubali. Katika msimu huo wa kupanda, Villa ilipata hasara ya pauni milioni 68.9. Mwaka mmoja kabla, Mei 2018, ilikuwa imefungwa 1-0 na Fulham katika fainali kama hiyo, na mara moja ikaanza kuhangaika kulipa kodi. Iliokolewa Julai 2018 pale Nassef Sawiris wa Misri na Wes Edens wa Marekani walipochukua asilimia 55 ya hisa na kukataa kumuuza Grealish kwa bei ya dhiki.

Klabu zote mbili, basi, zilicheza kamari ya aina moja. Tofauti ni kwamba Villa iliposhindwa ilipata mtaji mpya kwa wakati, na Derby ilipokwama haikupata.

Ndiyo maana mwenye kuweka akiba yake katika biashara inayongoja zabuni moja, meli moja au msimu mmoja wa mavuno hatosheki kwa kuuliza faida itakuwa kiasi gani wakishinda. Swali la kwanza ni nani atalipa mishahara, kodi na riba ya benki wakishindwa, na kwa miezi mingapi. Jibu hilo linapaswa kuonekana kwenye mizania kabla mchezo haujaanza.