Hesabu za nasibu: Kwa nini daladala huchelewa kuliko wastani wake

ABIRIA wa Mbezi Luis akiambiwa kuwa daladala za kwenda mjini hufika kituoni kila baada ya dakika 10 kwa wastani, hujipigia hesabu kuwa atasubiri dakika tano tu. Mara nyingi hesabu hiyo humwangusha, wala si kwa sababu ya mkosi.

Tuseme daladala moja hufuata nyingine baada ya dakika mbili, inayofuata baada ya dakika 18, kisha mpangilio hujirudia. Wastani ni uleule wa dakika 10. Lakini katika kila dakika 20, dakika 18 zimo ndani ya pengo refu, hivyo abiria tisa kati ya 10 hufika kituoni wakati wa pengo hilo. Wastani wa kusubiri hupanda hadi dakika nane na ushei.

Daladala zikija kwa nasibu kabisa, bila moja kutegemea nyingine, wastani wa kusubiri huwa dakika 10 kamili, na abiria wapatao 14 kati ya 100 husubiri zaidi ya dakika 20. Aliyekwisha kusimama robo saa hana nafuu yoyote kuliko anayefika sasa hivi.

Wanahisabati huita mambo ya aina hii michakato ya miruko ya nasibu: hali hutulia, kisha hubadilika ghafla kwa hatua moja, na saa ya badiliko haijulikani. Aina iliyo nyepesi zaidi ina jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyechapisha kanuni inayohusika mwaka 1837. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang wa Denmark aliitumia kwa simu zinazoingia katika mitambo.

Kuiga mchakato huo hakuhitaji maabara. Weka katika kopo punje 10 za maharage, tisa nyeupe na moja nyeusi, kisha toa moja bila kuangalia. Kila utoaji ni dakika moja. Ikitoka nyeusi, daladala imefika. Irudishe, tikisa, toa tena. Baada ya muda utaona daladala tatu zikifuatana, kisha ukame wa nusu saa, ingawa hakuna aliyepanga hivyo. Kompyuta hufanya kazi hiyohiyo mara maelfu kwa kufumba na kufumbua.

Katika bima, mchezo huu ni wa fedha za watu. Filip Lundberg wa Sweden aliuwekea msingi mwaka 1903. Kampuni inayopokea madai mawili ya ajali kwa wiki kwa wastani itapokea matano au zaidi katika wiki zipatazo tatu kwa mwaka. Ikiweka akiba ya madai mawili tu, wenye magari watakaodai katika wiki hizo watazungushwa. Kwa sababu madai hayalingani, muigaji huhitaji kopo la pili lenye viwango vya malipo, ambalo huchota kila punje nyeusi inapotoka.

Bei nazo huruka. Mwaka 1986 shilingi ya Tanzania ilishushwa thamani kutoka takriban Sh17 hadi Sh40 kwa dola moja ya Marekani. Mfanyabiashara aliyetegemea mwendo wa siku za kawaida hakuwa na namna ya kuuona mruko huo. Mwaka 1976, Robert Merton wa Marekani alikuwa ameongeza miruko katika modeli ya bei za hisa, ambayo awali ilidhani bei husogea kidogokidogo tu. Oktoba 19, 1987, kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka kwa zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja.

Hata hivyo, kopo moja halitoshi. Mto Msimbazi ulipofurika Desemba 2011, hasara hazikuja mojamoja. Mvua ileile iliwapiga wengi kwa pamoja, na dhana ya matukio yasiyotegemeana ikavunjika.

Kwa hali kama hiyo, wataalamu hutumia makopo mawili, moja la kiangazi na jingine la masika lenye punje nyeusi nyingi zaidi. Alan Hawkes wa Uingereza alipendekeza njia nyingine mwaka 1971: kila inapotoka nyeusi, huongezwa nyeusi nyingine ndani ya kopo kwa muda, kisha hupunguzwa taratibu. Njia hiyo hutumika leo kwa matetemeko ya ardhi, ambapo moja huvuta mengine, na kwa masoko ya hisa yanapoingiwa na hofu.