Mlinzi Alalaye Ziwani Mweru

Mjomba wangu ni mvuvi wa Nchelenge, tena ana shamba la mihogo karibu na ziwa. Mwaka juzi maji yaliingia shambani yeye akiwa kambini kuvua, na mihogo mingi ikaoza. Nikamwahidi mlinzi.

Mlinzi huyu ni chombo kidogo juu ya nguzo iliyosimamishwa majini. Hupiga mlio usiosikika na masikio yetu, kisha hungojea mwangwi, kama afanyavyo popo. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, maji yako mita 1.7 chini yake. Hesabu hiyo hufika nyumbani bila waya, kwa redio ya namna ya LoRa, iliyobuniwa Ufaransa. Haiwezi kupeleka maneno mengi, lakini hufika kilometa kadhaa kwa nguvu kidogo mno. Mke wa mjomba akiona maji yanapanda, huita watu waje kung'oa mihogo.

Chombo cha kwanza kilikufa siku ya pili. Kosa lilikuwa langu: nilikiacha macho usiku na mchana, kikamaliza betri. Cha pili nilikifundisha kulala. Huamka kila nusu saa kwa sekunde mbili, yaani sekunde 96 tu kati ya 86,400 za siku nzima. Betri za namna ile ile sasa zimeingia mwezi wa nne.

Hata hivyo mjomba hajautupa mti wake wa zamani wenye alama za kisu. Juma lililopita vilihitilafiana kwa upana wa kidole, akaniandikia kwamba chombo ndicho kilichokosea.