Utafiti wa elimu utamfikiaje mwalimu wa Nyololo?

MWALIMU wa darasa la pili katika kata ya Nyololo, wilayani Mufindi, hafundishi mbali na watafiti wa elimu. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katani kwake, na akiifuata kupitia Mafinga atafika Iringa, kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huandaa walimu na kufanya utafiti.

Umbali uliopo ni wa lugha na wa namna ya kuandika. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini tasnifu na majarida ya elimu ya vyuo vikuu nchini huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mtafiti hufika na kibali chake, huhoji walimu kwa Kiswahili, huketi nyuma ya darasa akiandika, kisha huondoka. Maelezo aliyopewa hutafsiriwa na kuchapishwa mahali ambapo aliyeyatoa si rahisi ayaone.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika utafiti wa elimu, mara nyingi anayepona ni mgeni, anayeondoka na shahada.

Si kila utafiti, hata hivyo, unamhusu mwalimu moja kwa moja. Mwaka 2013 na 2014, taasisi ya Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10 nchini. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa kupeleka fedha za ruzuku shuleni peke yake hakukuinua alama za wanafunzi. Ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na matokeo ya wanafunzi, alama zilipanda. Hilo ni somo kwa Hazina na wizara. Mwalimu hawezi kulitumia kesho asubuhi.

Lipo lakini analoweza kulitumia. Mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma kwa wanafunzi wa darasa la pili. Njia yake ni nyepesi. Mtoto hupewa hadithi fupi na kuisoma kwa sauti kwa dakika moja. Anayempima huweka alama kwenye kila neno lililokosewa, kisha humuuliza maswali machache kuhusu alichosoma.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 akiwapima watano kila siku, kwa robo saa tu, atawamaliza wote kwa siku 12 za masomo. Atajua nani anasoma na kuelewa, nani anasoma bila kuelewa, na nani bado hajazijua sauti za herufi. Makundi hayo matatu hayawezi kusaidiwa kwa somo moja, na mtihani wa mwisho wa muhula humwonyesha mwalimu tofauti hiyo akiwa amechelewa.

Njia hiyo pia inahitaji kuangaliwa kwa macho ya Kiswahili. Neno moja kama "walipotuona" huandikwa kwa maneno manne ya Kiingereza. Idadi ya maneno anayopaswa kusoma mtoto wa London kwa dakika haiwezi kuhamishiwa Mufindi kama ilivyo. Aidha, mtoto anayesoma silabi moja moja, wa-li-po-tu-o-na, hufika mwisho wa neno mwanzo ukiwa umemtoka. Anayehitaji mtoto huyo ni mtu wa kumzoesha silabi hadi neno limtoke kwa mkupuo, na kumwambia "soma kwa bidii" hakumsaidii.

Swali linalobaki ni namna ya kumfikishia mwalimu maarifa hayo ili yatumike. Nchini India, shirika la Pratham limekuwa likiwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa walilomo. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand, walimu walipewa mafunzo na vitabu, kisha wakaachwa waendelee na ratiba yao. Mabadiliko hayakuonekana. Katika jimbo la Haryana, walimu wa serikali walitengewa saa maalumu ya kazi hiyo kila siku na wasimamizi wakawafuatilia darasani. Huko watoto waliboreka katika kusoma.

Fundisho lake ni kwamba semina na kijitabu havitoshi. Mwalimu anahitaji muda uliotengwa na mtu wa kumrudia.

Tanzania inao mlango wa kupitishia jambo hilo. Chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao na katika vituo vya kata. Huchagua tatizo la darasani, huandaa somo pamoja, mmoja hufundisha wenzake wakiangalia, kisha hujadiliana. Mpango huo unasaidiwa na mradi wa BOOST, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 500.

Kikao hicho ndipo utafiti unapopaswa kutua, na hauwezi kutua ukiwa na kurasa 40. Unahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu maswali manne: nini kilijaribiwa, katika darasa lenye wanafunzi wangapi, mwalimu afanye nini kwa hatua, na ataonaje kama hakifanyi kazi. Swali la pili halifai kuachwa. Jambo lililofaulu kwa wanafunzi 25 huenda lisifae kwa 80.

Aidha, walimu nao warudishe walichokiona. Katika kata ambako watoto wengine huanza shule wakizungumza Kihehe au Kibena zaidi ya Kiswahili, mwalimu wa darasa la kwanza anajua mambo ambayo mtafiti hajayauliza. Daftari lake la maendeleo likitunzwa vizuri, nalo ni utafiti.

Haraka inatokana na mtoto mwenyewe. Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2011 ulikuta kwamba takriban wanafunzi 3 kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kuanzia darasa la tatu, kila somo hudai kusoma, na asiyeweza hubaki nyuma katika yote kwa pamoja.

Miradi ya wafadhili imesaidia. Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani, ulifanya kazi mkoani Iringa kati ya mwaka 2016 na 2021. Lakini miradi ina mwisho, na mwaka 2025 Marekani ililifunga hata shirika lenyewe la misaada, USAID. Mwalimu wa Nyololo atabaki na wenzake, ratiba yao na kikao chao. Vyuo vikivipa vikao hivyo karatasi moja inayosomeka, na maofisa elimu kata wakirudi kuangalia, wenyeji nao watapona.