Mbagala si Mbali kuliko Malolo

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Kwa mkulima maneno hayo hayana fumbo. Mgeni hushika jembe akalima pamoja na wenyeji wake, na jioni wote huketi kuzunguka chungu kimoja wakiwa wamechoka uchovu mmoja. Lakini mjini, ambako nyumba nyingi hazina hata tuta la mchicha, mgeni wa siku ya tatu hupewa nini? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, yangu ikiwamo, hupewa ufunguo wa mlango na rimoti ya televisheni. Wenyeji huondoka alfajiri na kurejea usiku, naye hubaki akilinda nyumba kama askari wa zamu.

Hivyo ndivyo tulivyompokea shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, mwezi Julai mwaka 2024. Alitoka Malolo, wilayani Kilosa, mpakani na mkoa wa Iringa, nchi ya mibuyu na mto Ruaha, ambako watu hulima vitunguu kwa maji ya mifereji. Alipanda basi Ruaha Mbuyuni kwenye barabara kuu, akapita Mikumi katikati ya hifadhi ya wanyama, akapita Morogoro na Chalinze, na jioni akashuka katika kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi na kiroba chake cha vitunguu. Wanangu walimwuliza kwa nini hakushuka Morogoro akapanda treni mpya ya umeme, iliyokuwa imeanza safari zake mwezi mmoja tu uliotangulia.

"Vitunguu vyangu vimezoea basi, wajukuu zangu," alijibu, na nyumba nzima ikacheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Siku ya nne usiku, niliporudi kutoka kazini, nilimkuta shangazi ameketi sebuleni, nguo zake zimekwisha kunjwa.

"Mwanangu, kesho nitafutie tiketi nirudi nyumbani."

Nilishtuka. "Kuna nini, shangazi? Umekosewa?"

"Sijakosewa. Ninakula na ninalala. Lakini nilipokuwa Malolo nilizipata habari zenu kwa simu. Hapa hata hizo sizipati. Mnatoka nimelala, mnarudi nimelala. Tena mdogo wangu wa Mbagala, nitamwona lini?"

Mke wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Shangazi mdogo anakaa Mbagala Rangi Tatu. Sisi tunakaa Kimara. Mwaka huo alikuwa ameugua shinikizo la damu, akalala kitandani karibu miezi miwili. Tulimtumia fedha kwa simu mara tatu. Kwenda, hatukwenda.

"Mbagala ni mbali, shangazi," nilisema.

Akaniuliza kwa upole, bila kunikaripia: "Mbali kuliko Malolo?"

KUMBAKUMBA HADI MWENDOKASI

Siku iliyofuata, Ijumaa, niliomba ruhusa kazini. Mke wangu alishauri tukodi teksi ili mama mtu mzima asisumbuke. Shangazi alikataa. "Gari la kukodi litanifikisha kwa mdogo wangu, mkamwana," alisema, "lakini halitanionyesha mnakoishi. Nataka kupanda mnachopanda ninyi."

Tulingoja hadi saa nne, wafanyakazi na wanafunzi walipokwisha kupungua, tukaenda kituo cha Kimara. Shangazi aliyatazama mabasi marefu ya mwendokasi akatikisa kichwa. Mara ya mwisho alipokuja Dar es Salaam ilikuwa mwaka 1984, kwa harusi ya baba mdogo. Wakati huo alipanda basi la UDA la Ikarus, lililotengenezwa Hungaria, refu na lenye kiungo katikati, ambalo wananchi waliliita kumbakumba. "Kumbe kumbakumba amezaa!" alisema.

Ndugu msomaji, historia ya usafiri wa jiji hili ni sehemu ya historia ya familia zetu. Kabla ya UDA kulikuwa na kampuni iliyojulikana kama DMT, iliyoanza katika miaka ya 1940 na kutaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi yake iligawanywa: UDA ikabeba abiria wa jijini, na KAMATA ikabeba wa mikoani. Mabasi yalipochakaa na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu, watu wenye magari binafsi walianza kubeba abiria kwa kificho, hata mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu kufanya kazi hiyo hadharani. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Inasemekana hapo ndipo lilipotoka jina la daladala. Mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake yenyewe katikati ya barabara ya Morogoro, yalianza mwaka 2016.

Basi lilipoondoka, shangazi aliniambia nimtajie kila kituo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mingi nimepita njia ile nikiwa nimesinzia. Nilimwonyesha Ubungo, ambako mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia kabla ya kuhamishiwa Mbezi mwaka 2021, na ambako sasa barabara zimepandana mithili ya ghorofa. Nilimwonyesha Urafiki, penye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960. Shangazi aliinuka kitini apate kukiona vizuri. Khanga yake ya kwanza, alisema, ilitoka hapo. Alinunuliwa na mama yake baada ya mavuno.

Tulipita Manzese, tukapita Magomeni, tukateremka bonde la Jangwani. Nilimweleza kwamba mto Msimbazi ukifurika, maji hufunika barabara pale na mabasi husimama.

"Ndiyo maana huniambia umekwama kwa mvua?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Nami nilikuwa nikijiuliza, mtu mwenye barabara ya lami hukwamishwaje na mvua! Nilidhani unanikimbia kwenye simu."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote hiyo maelezo yangu yalikuwa ya kweli, lakini kwa mtu asiyepata kuliona bonde la Jangwani yalifanana na visingizio.

KITUNGUU KIMETANGULIA

Tulishuka Gerezani, Kariakoo, tukatafuta daladala la Mbagala. Shangazi hakuogopa kelele za wapiga debe. Alisema hata mnadani kwao watu hupiga kelele hivyohivyo. Kijana mmoja alisimama akampisha kiti: "Bibi, kaa hapa." Alimshukuru, akamwuliza kwao ni wapi, na kabla ya kufika Uhasibu tulikwisha jua kwamba mama yake yule kijana anatoka Kidodi, si mbali na Mikumi. Walizungumza habari za mashamba ya miwa hadi Sabasaba, kama watu waliofahamiana siku nyingi. Katika barabara ya Kilwa njia mpya za zege za mwendokasi zilikuwa zimekwisha jengwa, lakini mabasi yake yalikuwa bado hayajaanza. Tukapita Mtoni, tukapita Kizuiani, hata kondakta akapaza sauti: "Rangi Tatu, mwisho wa gari!"

Sokoni pale Rangi Tatu shangazi alisimama ghafla mbele ya genge. Aliokota kitunguu kimoja, akakigeuza, akamwuliza mwuzaji kinatoka wapi.

"Ruaha, mama. Hiki ndicho kitunguu chenyewe."

Aliyatazama yale mafungu madogo ya vitunguu vichache vichache, na kopo la sado lililojazwa pembeni. Kwao, alinieleza, mnunuzi akija na gunia hutaka lijazwe mpaka lifanye kilemba juu, ile lumbesa inayokatazwa kila mwaka na kurudi kila mwaka. Kumbe mwisho wa safari kitunguu hichohicho huhesabiwa kimoja kimoja. Kisha akanigeukia.

"Kitunguu changu kimefika Mbagala mara ngapi, mwanangu? Nawe wewe?"

Shangazi mdogo alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Alipomwona dada yake alitaka kusema shikamoo, sauti ikamkatika. Walikumbatiana, wakaanza kusemezana kwa lugha ya kwao, nami nikabaki nimesimama na mfuko wa matunda mkononi kama mtoto aliyetumwa. Baadaye, tulipokwisha kula, nilijikaza nikaomba radhi kwa kutofika alipokuwa mgonjwa.

"Fedha zilifika, mwanangu," alisema. "Zilinunua dawa, Mungu awabariki. Lakini nilikuwa nangoja mtu."

Hakusema zaidi. Nami tangu siku hiyo sijaona maneno mengine yanayoeleza vizuri zaidi upungufu wa sisi tunaojiita watu wa mjini.

SOMO LA NJIANI

Tulianza kurudi saa kumi. Kituoni wanafunzi watatu walitaka kupanda, na kondakta akawazuia: "Wawili wametosha!" Kisa ni kwamba mwanafunzi hulipa nauli pungufu. Aliyebaki alikuwa msichana mdogo, mkoba unamzidi mgongo. Shangazi alisema kwa sauti iliyosikika gari zima: "Mwanangu kondakta, huyu hana mama anayemngoja?" Abiria wengine wakamuunga mkono. Msichana alipanda.

Gerezani tuliingia katika msongamano wa jioni ambao mimi nimeuzoea na yeye hajapata kuuona. Mabasi mawili yalijaa na kutuacha. La tatu lilituchukua tukiwa tumesimama, tumebanwa kama vitunguu ndani ya lumbesa, hata mama mmoja alipomwita shangazi akakae. Tulifika Kimara usiku. Hakulalamika, alinishika mkono tu tulipokuwa tukitembea kuelekea nyumbani.

"Nilidhani mji umewafanya muwe wagumu," alisema. "Kumbe unawachosha. Lakini mchovu naye ana ndugu."

Hakuulizia tena tiketi. Alikaa wiki mbili zaidi, na mara mbili alikwenda Mbagala peke yake, akiwa na karatasi aliyoandikiwa na mwanangu wa darasa la sita majina ya vituo kwa kufuatana.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nawe una mgeni kutoka kijijini, usimfungie ndani ukadhani unamstarehesha. Mpandishe basi. Chagua saa ambazo abiria ni wachache, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwandikie jina la kituo cha kushukia na namba yako ya simu katika karatasi, kwa maana simu ya mkononi huweza kuzimika. Mpe fedha ndogondogo za nauli, asilazimike kufungua pochi kubwa mbele za watu. Mfundishe kusoma maandishi ya mbele ya daladala na kutambua rangi ya ubavuni inayoonyesha njia yake. Na kabla ya kumwonyesha majumba marefu, muulize kwanza ni ndugu gani anataka kumwona.

Kutoka Kimara hadi Mbagala Rangi Tatu hazifiki kilomita 40. Kutoka Malolo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 300, na shangazi alizisafiri akiwa na kiroba cha vitunguu. Tangu aliporudi kwao hupiga simu kila mwanzo wa mwezi. Akikwisha kupokea shikamoo zetu hauulizi kwanza mshahara wala afya. Huuliza: "Mbagala mmekwenda?" Miezi mingine tumeweza kumjibu ndiyo.