Uzio wa Mti Usiwe Kifungo

Mti uliopandwa kando ya barabara ya mji una adui wengi kuliko mwenzake wa msituni. Mbuzi huguguna gome lake, baisikeli huegemezwa kwenye shina, gari linalogeuka hulichubua, na wapita njia huukanyaga udongo hata ukawa mgumu kama sakafu. Ndiyo maana twaona miche mingi ikipandwa kwa shangwe, na baada ya mwaka mmoja hubaki mashimo matupu.

Yafaa tujue kwanza kile tunachokilinda. Chakula kinachofanyizwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya ngozi laini iliyo upande wa ndani wa gome. Gome likibanduliwa kulizunguka shina lote, mizizi hufa kwa njaa, na mti hufuata. Tena mizizi haiishi kwa maji peke yake. Yahitaji hewa, na iliyo mingi hukaa katika udongo wa juu. Basi uzio ulio mwema hulinda vitu viwili: gome na udongo.

Jambo hilo lilifahamika vema huko Paris katika karne ya 19. Haussmann alipokuwa mkuu wa jimbo la Seine, toka mwaka 1853 hata 1870, barabara pana zilifunguliwa na miti kupandwa kandokando. Injinia Alphand alisimamia bustani na miti, naye msanifu Gabriel Davioud alichora wavu wa chuma unaolala chini kuzunguka shina. Watu hukanyaga chuma, mvua hupenya matunduni, na udongo haushindiliwi. Kulizunguka shina lenyewe husimamishwa kizimba chembamba, ambacho Wafaransa hukiita korseti, yaani vazi la kubana kiuno.

Jina hilo latuonya. Mti hunenepa kila mwaka, lakini chuma hakinenepi. Kizimba kilichosahauliwa hulikata gome lile lile kilichowekwa kulilinda.

Kwetu, katika miji kama Lubumbashi inayosifiwa kwa mijakaranda yake, si lazima kungoja chuma. Mianzi au fito zatosha. Tusimike nguzo nne, kila moja nusu mita mbali na shina, zenye kimo cha mita moja na nusu au zaidi, kwani mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Tuzizungushie fito, tukiacha nafasi za kupitisha hewa na maji. Mche tuufunge kwa ukanda wa mpira wa baisikeli uliochakaa, usiokaza. Waya tusiutumie kamwe. Juu ya udongo tutandaze majani makavu yasiyogusa shina, wala tusimwage saruji hapo.

Kila mwaka tukague na kulegeza. Shina likiisha kuwa imara na matawi yakipita kimo cha mbuzi, tuung'oe uzio, tukaulinde mche mwingine. Ajengaye uzio na ajue pia siku ya kuuondoa.